Wilson, mikscha, na mwalimu aliyevuta kirungu chekundu kabla ya kuruka: nieleweshwe

#1 MwanaPwani172
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, nina saa 31. Zote nimezirukia pwani, Cessna 172 ya kabureta, injini ya Lycoming hp 160. Kule nilikaririshwa kitu kimoja mpaka naota usiku: kabla ya kuruka, mikscha (kirungu chekundu cha kuongeza au kupunguza mafuta ya injini) mbele kabisa, yaani mafuta yote. Kirungu chekundu kikiwa nje hata kidole kimoja, unapigwa kelele.

Mwezi huu nimehamia Nairobi, uwanja wa Wilson. Siku ya kwanza, saa saba mchana, tunapima magneto (mitambo miwili inayowasha plagi; unazima mmoja mmoja uone mizunguko ya injini inashuka kiasi gani) kwenye mizunguko 1,700. Kulia imeshuka 90, sawa. Kushoto imeshuka 180 na ndege inatetemeka kama inaendeshwa kwenye matuta. Kitabu kinasema isizidi 125. Nikajua tunarudi hanga. Mwalimu mpya hakusema neno. Akavuta kirungu chekundu taratibu, injini ikatulia, tukapima tena: kushoto 70. Halafu, mbele ya macho yangu, tukaingia njiani na kuruka mikscha ikiwa nje karibu inchi moja!

Nilipomuuliza akasema, "Huku si Malindi." Basi. Akaenda kunywa chai.

Naomba wajuzi: alichofanya ni sahihi, au ni mazoea ya watu wa Wilson? Na kwa nini injini ipate nguvu kwa kunyimwa mafuta?

#2 Msikilizaji_Mkuu
Naweka kambi hapa. Ila uzi bila picha ya hicho kirungu haunogi.

#3 Kipanga_wa_Langata
Mleta mada, mwalimu wako yuko sahihi, ila hajui kufundisha.

Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Kwa kipimo cha kawaida joto la mwinuko huo lingekuwa nyuzi 4. Saa saba mchana mlikuwa na 25 hivi, tofauti nyuzi 21. Kila nyuzi moja inaongeza takriban futi 120. Piga hesabu: futi 2,500 zaidi. Kwa hiyo magurudumu yako yako Wilson, lakini injini inavuta hewa ya futi 8,000. Tazama magharibi uione milima ya Ngong. Ndege yako inajiona iko kileleni kule, na bado haijaachia breki.

Hewa hiyo ni nyepesi. Kabureta haijui. Yenyewe inapima mafuta kwa kasi ya hewa inayopita kwenye koo lake, haipimi uzito wa hewa hiyo. Hewa imepungua uzito, mafuta hayakupungua kwa kiasi hichohicho. Umepika chai ya glasi moja kwa majani ya sufuria nzima.

#4 Tall_wa_Tabora
Nakazia. Huko juu oksijeni inashuka mpaka asilimia 15, ndiyo maana hata binadamu anahema.

#5 HesabuNiDawa
#4 hapana mkuu. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, uwe Tanga ufukweni au kileleni Kibo. Kinachopungua ni hewa yenyewe kwa ujumla.

#3 nawe umekimbia kidogo. Umesahau QNH, yaani presha ya hewa ya siku hiyo ikihesabiwa kwa usawa wa bahari. Nairobi mara nyingi inasoma juu ya 1013 ya kawaida. Ikiwa 1023, ondoa karibu futi 280 kwanza, unabaki na 5,250 hivi. Joto la kawaida hapo ni 4.5, tofauti 20.5, unapata kama futi 7,700. Bado juu sana, lakini mtihanini watakukata.

Na kwa wanaopenda kujua mafuta yanazidi kiasi gani: kwenye kabureta ya kawaida, uzito wa mafuta kwa hewa unaongezeka kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha densiti (uzito wa hewa kwa ujazo). Kwa futi 7,700 densiti ni kama 0.79 ya pwani. Kipeuo chake 0.89. Kwa hiyo mchanganyiko umekuwa mzito kwa asilimia 12 au 13 zaidi ya pwani. Na hata pwani, mbele kabisa tayari ni mzito kuliko unaotoa nguvu nyingi. Nguvu ya juu inapatikana kwenye hewa 12.5 kwa mafuta 1 hivi, kwa uzito.

#6 Msikilizaji_Mkuu
Nilikuja kuangalia ndege nikakutana na kipeuo cha pili. Aya.

#7 Fundi_Spana
Samahani marubani, mnapenda sana fizikia. Mimi nafungua injini hizi kila wiki, nawaambieni kilichomtokea kijana ni PLAGI.

Magneto ya kulia ilishuka 90, ya kushoto 180. Kama ni mwinuko, mbona upande mmoja tu? Hewa ya Wilson inachagua magneto? Avgas yetu (petroli ya ndege) 100LL ina madini ya risasi. Ukikaa ardhini robo saa mikscha mbele, unasubiri mnara, injini baridi, ile risasi haiungui. Inaganda kwenye plagi za chini kama vishanga vidogo vya kijivu. Mwalimu alipopunguza mafuta moto ulipanda, plagi ikajisafisha, ndege ikatulia. Hiyo ndiyo hadithi yote.

#8 MwanaPwani172
Asanteni sana. Fundi, ni kweli tulikaa ardhini muda, tulikuwa wa tano kwenye foleni. Lakini ilitulia ndani ya sekunde tatu au nne tu. Vishanga vinaungua haraka hivyo?

#9 Kipanga_wa_Langata
Hapo sasa! Fundi jibu hilo. Kusafisha plagi tunapandisha mizunguko, tunapunguza mafuta, tunasubiri nusu dakika mpaka dakika nzima. Sekunde tatu si kusafisha, ni mchanganyiko umerudi sawa.

Na upande mmoja tu si hoja. Mchanganyiko mzito unaungua polepole. Ukizima magneto moja, silinda inawashwa na plagi moja tu, moto unachelewa zaidi. Magneto yenye udhaifu kidogo ndiyo itaumbuka kwanza. Mwinuko ndio uliofichua.

#10 Fundi_Spana
"Udhaifu kidogo" = plagi. Umerudi kwangu mwenyewe, karibu chai.

#11 Mvua_za_Julai
Mbona hakuna aliyetaja barafu kwenye kabureta? Asubuhi za Julai Nairobi, nyuzi 14, wingu limelala mpaka Karen, unyevu umejaa. Niliwahi kutetemekewa hivyohivyo, nikavuta kirungu cha joto la kabureta, ikakohoa, ikatoa maji, ikatulia.

#12 Kipanga_wa_Langata
#11 kasema saa saba mchana. Na kilichotuliza ni kirungu chekundu, si joto la kabureta. Barafu haiyeyuki kwa kupunguza mafuta.

#13 Mvua_za_Julai
Sijasema ya kwake ni barafu. Nasema mtu akisoma uzi huu kila mtetemo atauita mikscha, siku ya barafu atavuta chuma kisichohusika. Tena jueni kwamba joto la kabureta nalo linaleta hewa nyepesi. Ukiliwasha Wilson mikscha ikiwa mbele, mchanganyiko unazidi kuwa mzito na mtetemo unaongezeka, unaweza kudhani umekosea kumbe barafu ndiyo inayeyuka.

#14 Msukuma_Caravan
Sisi wa ndege za Caravan tunawasoma tu huku tunakunywa soda. Injini ya turbini, mafuta ya taa, hakuna mikscha ya kuvutana nayo. Poleni.

#15 Kipanga_wa_Langata
Na wewe ulianzia wapi, tumboni mwa Caravan? Nenda zako.

#16 Bibi_Hewani
Wanangu, nimefundisha kuruka tangu wengi wenu hamjazaliwa, ngoja niseme kidogo kisha nirudi kwenye bustani yangu.

Mwanapwani, chukua kitabu cha ndege *yako*, si cha rafiki. Kile cha 172 kinachozungumziwa sana kinasema kwenye viwanja vya juu ya futi 3,000, punguza mafuta mpaka upate mizunguko mingi kabisa, throtoli (kirungu cha nguvu) mbele yote, ndege imesimama. Lycoming wenyewe kwa pangaboi lisilobadilika pembe wanazungumzia futi 5,000 za densiti (mwinuko ambao injini inauhisi) na kuendelea. Namba mbili, zote zimeandikwa, na Wilson mchana inazipita zote.

Namna yake: simama kwenye lami safi, breki kamili, throtoli taratibu mpaka mwisho. Shika kirungu, zungusha nje kidogokidogo huku jicho liko kwenye mizunguko. Utaiona inapanda. Inapanda, inapanda, inasimama, halafu inaanza kushuka. Hapo umepita. Rudisha ndani mpaka ilipokuwa juu, kisha ongeza nusu mzunguko wa kidole kwa ajili ya ubaridi wa silinda. Usikae hapo dakika nzima, injini iliyosimama haipati upepo.

Sasa la muhimu ambalo vijana wa lami hawalijui. Ukiwa Mara au Serengeti kwenye murramu, USIFANYE hivyo. Throtoli yote ukiwa umesimama, pangaboi linazoa kokoto na kuzipiga lenyewe. Niliona ncha ya pangaboi imeng'atwa kama hindi. Kwenye murramu weka mikscha kwa makadirio mahali pasafi, anza kutembea, throtoli polepole, malizia kurekebisha ndege ikiwa imeshachukua mwendo.

#17 MwanaPwani172
Shikamoo Bibi. Hili la murramu sijawahi kusikia popote.

#18 Bibi_Hewani
Marahaba. Utalisikia sana ukishalipia pangaboi.

#19 Silinda_Sita
Mimi bado naogopa. Nilifundishwa mafuta mengi ndiyo yanayopoza injini wakati wa kuruka, ukipunguza silinda zinagonga na kuungua. Sasa nyie mnasema tupunguze wakati injini inafanya kazi kubwa kuliko zote?

#20 HesabuNiDawa
Hofu yako ina msingi, ila ni hofu ya pwani. Pale chini injini inatoa asilimia 100, mafuta ya ziada ni blanketi la maji dhidi ya kugonga. Wilson haiwezi kutoa 100 hata uipigie magoti. Presha ya hewa inashuka kama inchi moja ya zebaki kwa kila futi 1,000, kwa hiyo throtoli mbele yote unapata inchi 24 na kitu. Kwa futi 7,700 za densiti, hp 160 zimebaki kama 120 na kidogo. Hiyo ni asilimia 75 na ushee. Vitabu vingi vinakuruhusu kupunguza mafuta kwenye 75 kushuka chini.

Kwa hiyo umeshapoteza robo ya nguvu kwa mwinuko, hilo halina dawa. Swali ni kama unataka kupoteza nyingine juu yake kwa kulowesha plagi.

#21 Kijana_Nanyuki
Naomba niongeze tahadhari kutoka kwangu, na mnicheke tu. Nilijifunza kwa 172, mazoea yakaniingia. Nikapanda Cessna 206 ya turbo, Nanyuki, futi 6,200 na zaidi. Nikavuta kirungu kama kawaida, nikajiona rubani wa milimani. Nikaruka. Futi 500 juu ya ardhi joto la vichwa vya silinda linapanda kama mbuzi kaona majani. Mwenzangu wa kiti cha kulia alinyoosha mkono, akasukuma kirungu chote ndani, akaniambia neno moja ambalo siliandiki hapa.

Turbo inairudishia injini hewa ya pwani. Injini inatoa nguvu zake zote, kwa hiyo inataka mafuta yake yote. Turbo: mikscha mbele kabisa hata ukiwa Addis.

#22 Silinda_Sita
Na zisizo na turbo zenye pangaboi la kubadilika pembe? Pale mizunguko haipandi, gavana (kidhibiti cha mizunguko) inaishika.

#23 Kijana_Nanyuki
Ndiyo, hapo mizunguko haikwambii kitu. Tumia geji ya mtiririko wa mafuta. Ndege nyingi za injini ya sindano (mafuta yanapulizwa, hakuna kabureta) zina kibandiko kinachosema mwinuko huu, mafuta kiasi hiki. Fuata kibandiko. Kama huna, geji ya joto la moshi, ukae upande wa mafuta mengi kutoka kwenye kilele cha joto, si kileleni.

#24 Dereva_Mstaafu
Ndege sizijui, lakini haya mambo tuliyaishi barabarani. Peugeot 504 ya kabureta ikitunzwa Mombasa, ukifika nayo Limuru inatoa moshi mweusi, inakunywa mafuta kama harusi, haivuti kilima. Fundi wa Nairobi anaigusa bisibisi kidogo, inakuwa mpya. Ukirudi Mombasa inagonga! Wenye hela walikuwa na fundi kila mji.

#25 Boxer_Lushoto
#24 umenikumbusha pikipiki yangu. Nimeinunua Tanga mjini, huku mlimani plagi nyeusi tii kila wiki mbili. Fundi kanibadilishia plagi mara nne. Kumbe ndiyo haya?

#26 Fundi_Spana
Lushoto ni mita 1,400 hivi, inaongeza, lakini plagi nyeusi kila wiki mbili ni zaidi ya mwinuko. Angalia kichujio cha hewa kwanza. Na choki, hakikisha inafunguka mpaka mwisho.

#27 Kipanga_wa_Langata
Hahaha, fundi leo kakubali mwinuko "unaongeza". Pikipiki imefanikiwa tuliposhindwa sisi.

#28 Mbongo_Denver
Habari za huko. Mimi naruka huku Colorado, na kwetu hili halina mjadala, mwanafunzi anavuta mikscha tangu anawasha injini. Tunatembea ardhini mafuta yakiwa yamepunguzwa sana makusudi, kiasi kwamba ukisahau na kusukuma throtoli injini inazima. Hivyo huwezi kuruka nayo kwa bahati mbaya, na plagi za fundi #7 zinabaki safi. Nimefika Leadville, zaidi ya futi 9,900. Pale ukiweka mikscha mbele kabisa, 172 inasikika kama trekta linalokufa.

#29 Tall_wa_Tabora
Chai hiyo. 172 iruke futi 9,900?

#30 Mbongo_Denver
Asubuhi, baridi, watu wawili, nusu tangi, njia ndefu. Mchana wa kiangazi nabaki nyumbani. Si chai.

#31 Binti_wa_Marubani
Mmekazana na kuruka, hakuna aliyegusa kutua, na huko ndiko nilikoonja.

Orodha yetu ya kutua ilikuwa na mstari "mikscha – mbele". Narudi Wilson mchana, nimesoma orodha kama kasuku, nimesukuma kirungu chote. Fainali, nikiwa nimeshaelekea njia ya kutua, naambiwa nighairi kutua, kuna ndege njiani. Throtoli mbele, injini inakohoa, inapanda kwa huzuni, na Kibera iko chini yangu. Nilivuta kirungu kidogo, ikaamka. Tangu siku hiyo Wilson naweka mikscha ya kuruka, kabla ya kutua.

Siku nyingine ikawa kinyume. Nimetoka Nairobi kwenda Ukunda, mikscha imepunguzwa kwa futi 9,500, nimeshuka mpaka pwani bila kuirudisha. Niliposukuma throtoli injini ikasita, safari hii kwa njaa. Kukosea kwa pande zote mbili nimeshamaliza.

#32 Silinda_Sita
Ila mstari wa orodha unasema mbele. Ukipata ajali mikscha ikiwa nje, wachunguzi watasemaje?

#33 Bibi_Hewani
Watasoma kitabu kizima, mwanangu. Orodha ni muhtasari wa kitabu. Mwombe mwalimu mkuu airekebishe kwa maandishi, usiirekebishe kwa kalamu yako.

#34 Silinda_Sita
Shule yetu haikubali. Tuliomba, tukaambiwa orodha imetoka kiwandani na kiwanda hakikosei.

#35 Mwewe_wa_Naivasha
Injini ya Rotax 912 hapa. Kabureta mbili zenye utando unaojirekebisha zenyewe kadiri hewa inavyopungua. Sina kirungu chekundu. Futi 6,200 za Naivasha naondoka bila kugusa kitu. Endeleeni kugombana.

#36 Msukuma_Caravan
Karibu kiti, soda hii hapa.

#37 MwanaPwani172
Nimerudi wakuu, siku tisa baadaye.

Nilimwomba mwalimu tupime kama alivyosema Bibi, tukaandika. Asubuhi saa moja, nyuzi 15: throtoli yote mikscha mbele 2,250, baada ya kupunguza 2,290. Saa nane mchana, nyuzi 27: mbele 2,190, baada ya kupunguza 2,270. Mchana kirungu kilitoka nje zaidi kuliko asubuhi. Mgongo wangu niliusikia ukisukumwa.

Halafu fundi wa hanga yetu akafungua plagi za magneto ya kushoto. Mbili za chini zilikuwa na vishanga vya kijivu, nimevishika kwa mkono, vigumu kama punje za mtama. Akasafisha. Tukapima tena kwenye 1,700, mchana, mikscha mbele: kushoto inashuka 110. Nikapunguza mafuta: 70.

#38 Fundi_Spana
Kutoka 180 hadi 110 kwa kusafisha tu. Nimemaliza kazi.

#39 Kipanga_wa_Langata
Na kutoka 110 hadi 70 kwa kupunguza mafuta tu. Tena siku ya kwanza ilishuka kutoka 180 hadi 70 plagi zikiwa chafu vilevile! Fundi, ukisafisha unaokoa mizunguko 70, ukipunguza mafuta bila kusafisha unaokoa 110. Nani kashinda?

#40 HesabuNiDawa
Mnalinganisha siku mbili zenye joto tofauti na QNH ambayo hakuna aliyeiandika. MwanaPwani, rudia, QNH ile ile, nusu saa kati ya vipimo.

#41 MwanaPwani172
Mkuu, saa moja ya ndege hii mnajua ni shilingi ngapi?

#42 Bibi_Hewani
Mwacheni mtoto. Umeona mwenyewe asubuhi kirungu kimekaa hapa na mchana pale. Usitie alama ya kalamu kwenye dashibodi, maana nimeona wanafunzi wanafanya hivyo.

#43 MwanaPwani172
…nimeshatia Bibi. Naifuta kesho.

#44 Boxer_Lushoto
Jamani mimi nimefungua kichujio cha hewa kama alivyosema fundi #26. Kulikuwa na kiota cha nyigu. Pikipiki inapaa sasa. Lakini plagi bado ina weusi kidogo pembeni, hiyo ni mwinuko au nyigu?